Mdomo Umekwenda Wapi?

Haya, wapwa zangu, sogeeni karibu. Hadithi njoo! Utamu kolea! Uongo leo ubaki kwao, maana habari ya sindano haitaki uongo hata chembe.

Palikuwa na mtoto wa darasa la tatu, tumwite Chausiku. Gego lake la chini lilitoboka. Usiku lilimuuma, mchana lilimuuma. Akitafuna embe lilimuuma. Akinywa maji ya baridi, maumivu yalipanda mpaka sikioni. Mama yake akamshika mkono, wakaenda kwa daktari wa meno. Njia nzima Chausiku kimya. Jino lenyewe alikwisha kulizoea. Alichokiogopa ni sindano.

"Mama, sindano ya mdomoni inauma?"

Mama alitaka kusema haiumi. Wazazi wengi husema hivyo, nami nasema wanakosea. Mtoto akidanganywa kwa sindano ya kwanza, kwa ya pili ataingia akirusha mateke, tena atakuwa na haki yake. Mama wa Chausiku alilimeza lile neno akasema, "Itauma kidogo, halafu itaacha. Mengine tutamuuliza mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Umeuliza vizuri, Chausiku! Mwenyewe ni ganzi.

Juu ya sinia la daktari kulikuwa na kichupa chembamba cha kioo. Ndani yake dawa angavu kama mililita mbili, haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Dawa ikamwona mtoto amekunja uso. Ikakohoa.

"Shikamoo," akasema Chausiku, maana alifunzwa adabu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya vyema kuniamkia, mimi ni mtu mzima. Nilitengenezwa Uswidi mwaka 1943. Jina langu lignokeini. Wengine huniita lidokeini. Wewe niite Babu Ganzi."

"Babu Ganzi, utaniuma?"

"Nitakuuma kidogo. Nikwambie na sababu?"

"Niambie."

"Kwanza ni ile ncha. Ni nyembamba, unene wake haufiki nusu milimita, lakini ncha ni ncha. Ndiyo maana daktari anaweza kukupaka kwanza dawa nzito kwenye ufizi, akasubiri dakika moja au mbili, ngozi ya juu ife ganzi. Pili ni mimi mwenyewe. Nikiingia kwenye nyama iliyobana, naisukuma ili nipate nafasi. Nikisukumwa kwa haraka nauma zaidi. Nikiingizwa polepole nauma kidogo. Kwa hiyo ukimwona daktari hana haraka, mshukuru. Tatu, nina uchachu. Uchachu ukigusa nyama, unachonyota."

"Kwa muda gani?"

"Hesabu polepole mpaka sitini. Mara nyingi ukifika hapo, sindano imekwisha kazi au inakaribia."

Sitini! Chausiku alijua kuhesabu mpaka elfu. Sitini hazikumtisha.

"Na ukishaingia, Babu, unafanya nini humo ndani?"

Hapo, wapwa zangu, ndipo penye utamu wenyewe. Mtoto anayeuliza swali hili ana akili. Wapo watu wazima waliochomwa sindano za ganzi maisha yao yote wasiulize hata mara moja.

"Sikiliza," akasema Babu Ganzi. "Kutoka kwenye jino lako mpaka kwenye ubongo kuna barabara. Madaktari huiita mshipa wa fahamu. Jino likiguswa, habari inaondoka mbio: 'Tunaumizwa huku!' Inapita geti, inapita geti, inapita geti. Barabara hiyo ina mageti madogo sana, mengi sana. Geti likifunguka, chembe za sodiamu zinaingia ndani ya mshipa. Ni sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Zikiingia, geti la mbele nalo linafunguka. Hivyo hivyo, geti kwa geti, mpaka ubongoni. Habari ikifika ubongoni, ndipo unasema 'Aah!'"

"Na kama haikufika?"

"Kama haikufika, huumwi. Mimi naenda kukaa kwenye yale mageti. Nikikaa, sodiamu haiingii. Jino linapiga kelele kule mwisho wa barabara, lakini geti limefungwa. Habari haipiti."

"Kwa hiyo hunilazi usingizi?"

"Sikulazi. Utaniona, utamsikia daktari, utamwona mama yako. Ya usingizi ni dawa nyingine, na kazi yake nyingine."

Daktari akampima Chausiku uzito. Msidhani ni mzaha. Kipimo cha Babu Ganzi hufuata kilo za mtu, na mtoto hapewi kiasi cha baba yake. Kisha daktari akauliza maswali: Una ugonjwa wowote? Kuna dawa unayomeza? Umewahi kuchomwa ganzi ukadhurika? Mkiulizwa haya, jibuni kweli. Daktari akafungua sindano mpya mbele ya macho yao. Ikishamchoma mtu mmoja haimchomi mwingine. Inatupwa kwenye boksi la usalama, basi.

"Fumbua mdomo, mwanangu. Ukitaka nisimame, inua mkono wa kushoto."

Haya maneno ya mwisho ni madogo lakini yana nguvu. Mtoto anayejua kwamba mkono wake unaweza kumsimamisha daktari haogopi kama yule aliyeshikwa tu. Daktari wako asipoyasema, muombe wewe.

Chausiku akahesabu. Moja, mbili, tatu. Kumi na mbili ilichonyota. Thelathini ilipungua. Hamsini alianza kushangaa.

"Babu, mbona daktari amechoma nyuma kabisa, na jino liko hapa?"

"Macho makali wewe! Mfupa wa taya la juu ni mwepesi. Jino la juu daktari huchoma karibu nalo, nami napenya. Taya la chini mfupa wake ni mnene, kupenya ni kazi. Basi mara nyingi ananipeleka nyuma, kabla barabara haijaingia ndani ya mfupa. Tunafunga pale. Ukifunga barabara mwanzoni, na wa mbele wote wamefungiwa. Ndiyo maana jino moja tu, lakini nusu ya mdomo, nusu ya kidevu na nusu ya ulimi vinakufa ganzi."

Mara moyo wa Chausiku ukaanza kwenda mbio. Du, du, du! Mikono ikatetemeka.

"Babu! Ninakufa?"

"Hufi. Mwenzangu huyo, adrenalini. Mwili wako wenyewe huitengeneza mbwa akikufukuza. Daktari amenichanganya nayo kidogo, ibane mishipa ya damu, damu isinichukue upesi. Ikigusa moyo, moyo unakimbia. Ni dakika chache, kisha unatulia. Ila mwambie daktari ukiona hivyo, usinyamaze."

Kuna wengine huona kizunguzungu au huzimia kabisa. Mara nyingi aliyewaangusha ni hofu na njaa, si dawa. Kwa hiyo ukienda kung'oa jino kwa ganzi ya kawaida, kula kwanza, isipokuwa daktari amekukataza. Ukiona macho yanaingia giza, sema. Utalazwa chali, miguu juu kidogo.

Dakika zikapita. Chausiku akajigusa mdomo. Akajigusa tena.

"Babu! Mdomo umekwenda wapi?"

"Upo palepale."

"Haupo! Hapana, upo. Umevimba! Umekuwa mkubwa!"

Mama akampa kioo. Mdomo ulikuwa uleule wa asubuhi. Ubongo ulikuwa umekosa habari za mdomo, nao ubongo ukikosa habari hujitungia. Geti limefungwa. Habari haipiti.

Daktari akashika koleo. Sikilizeni vizuri sehemu hii, maana watoto wengi, na baba zao pia, huruka kwenye kiti hapa. Chausiku alihisi jino linasukumwa, huku na huku. Akainua mkono wa kushoto. Daktari akasimama.

"Ganzi haijashika," akasema kwa mdomo mzito.

"Unaumwa, au unasukumwa?"

Chausiku akafikiri. "Nasukumwa."

Ona sasa. Maumivu hupita kwenye mishipa myembamba, na Babu Ganzi huifunga hiyo kwanza. Mkandamizo hupita kwenye barabara pana, na barabara pana ni ngumu kuifunga. Basi mtu anaweza asiumwe kabisa, lakini akahisi anasukumwa, akasikia hata mlio wa jino likiachana na mfupa. Hiyo si ganzi mbovu. Lakini ukiumwa kweli, kama kuchomwa, inua mkono. Daktari ataongeza dawa au atasubiri. Usijikaze kiume mtu wangu, wala kike. Hakuna zawadi.

Ipo siku ambayo Babu Ganzi hushindwa kweli. Jino likiwa limetunga usaha na shavu limejaa, nyama ya pale inakuwa na uchachu mwingi, na katika uchachu huo dawa haiwezi kuingia vizuri ndani ya mshipa. Daktari anaweza kuutoa usaha kwanza, au kuchoma mbali na hapo, au kukuambia urudi baada ya kumeza dawa. Kwa hiyo usingoje shavu lifure. Nenda jino likiwa linauma kidogo.

"Babu, kabla yako watu walifanyaje?"

"Waling'olewa hivyo hivyo, huku wameshikwa."

Kisha akamsimulia. Watu wa milima ya Andes, Amerika Kusini, walijua tangu kale kwamba majani ya koka yakitafunwa mdomo hufa ganzi. Mwaka 1884, huko Vienna, daktari wa macho Carl Koller alichukua kokeini iliyotoka kwenye majani hayo, akaidondoshea jicho la chura, kisha jicho lake mwenyewe, akaligusa kwa pini. Hakuhisi kitu! Lakini kokeini ilikuja na balaa lake, watu wakawa watumwa wake. Baadaye Uswidi, wanakemia waliokuwa wakichunguza kitu kilichomo kwenye shayiri walitengeneza dawa iliyokaribiana nacho. Mmoja wao, Holger Erdtman, akaionja. Ulimi na midomo vikafa ganzi. (Ninyi msionje vitu vya maabara. Yeye alibahatika.) Kutokana na hapo Nils Löfgren na Bengt Lundqvist wakaendelea, na mwaka 1943 wakampata Babu Ganzi. Lundqvist alijichoma mwenyewe kuijaribu dawa hiyo. Ilianza kuuzwa mwaka 1948, na mpaka leo ipo kwenye hospitali karibu zote mnazozijua.

"Umemaliza," akasema daktari. Jino lilikuwa kwenye sinia.

Wengi hudhani hadithi imeishia hapo. Mimi nasema ndiyo kwanza inaanza, maana jeraha baya kuliko yote ya siku ile huwa halitoki kwa daktari. Mtoto hujitia mwenyewe nyumbani.

Mdomo huchelewa kuamka. Saa mbili, tatu, nne hivi, mdomo na ulimi bado havina habari. Mtoto anaona kitu kinene, kigeni. Anakitafuna ajue ni nini. Anatafuna mdomo wake! Hauumi, anaendelea. Geti likifunguka, habari zote zinafika kwa mkupuo, na mdomo umevimba kweli na una kidonda. Daktari akiona kidonda hicho anakijua mara moja. Hupona kwa siku kadhaa, lakini siku hizo uji utauchukia.

Kwa hiyo kaa, usitafune, usijifinye, usijikune. Chai ya moto ngoja, ulimi uliokufa ganzi haujui moto. Udenda ukitoka, futa tu. Mama na baba, mtazameni mtoto mpaka mdomo wake uamke.

"Nitajuaje umeamka?"

"Utaanza kuchomachoma na kuwashawasha. Damu inanichukua kidogo kidogo, inanipeleka kwenye ini, ini linanivunjavunja, mabaki yangu unayakojoa."

"Babu!"

"Umeuliza, nimekujibu."

Kesho yake pale palipochomwa panaweza kuuma, pakawa na alama ya bluu, au taya likawa gumu kufumbuka kwa siku chache. Hayo huondoka. Mara chache kope la upande mmoja huwa zito kwa saa kadhaa, nalo huondoka dawa ikiisha. Mara chache sana mshipa huguswa, na ganzi ya ulimi au mdomo ikakaa wiki au zaidi. Wengi hupona. Lakini mwili ukitoka vipele, pumzi ikibana, au uso ukivimba baada ya sindano, hapo hakuna kungoja. Rudini palepale.

Na kama kumekucha na mdomo bado haujaamka, msiseme "utaamka tu". Mwambieni daktari siku hiyo hiyo.