Kigari cha Kupanda Mawe: Ukubwa Gani Unafaa?

Kigari cha kupanda mawe ni mfano mdogo wa gari ambalo mota yake huendesha magurudumu yote manne, nacho huongozwa kwa mawimbi ya redio. Hakikuundwa kwa ajili ya mbio. Giya zake hupunguza mwendo wa mota ili kuongeza nguvu ya kuzungusha magurudumu, na kwa hiyo hutambaa polepole juu ya mawe. Mchezo huu huiga ule wa magari halisi ya Marekani katika njia za miamba kama vile Rubicon, jimboni California, na Moab, jimboni Utah. Shule yenye fedha za kununua kigari kimoja tu haina budi kuchagua kwa uangalifu, kwani ukubwa usiofaa utakifanya kibaki kabatini.

Vigari hivi hutajwa kwa skeli. Skeli ya 1:10 maana yake ni kwamba sentimita 1 ya kigari huwakilisha sentimita 10 za gari halisi. Skeli zinazopatikana sana ni 1:10, 1:18 na 1:24. Katika kigari cha 1:10, umbali kati ya ekseli mbili huwa sm 31 hivi, na kipenyo cha tairi huwa karibu sm 12. Katika kile cha 1:24, umbali huo huwa sm 13 hivi, na kipenyo cha tairi huwa karibu sm 5.

Urefu ukipunguzwa mara 10, eneo hupungua mara 100, na ujazo mara 1000. Hivyo gari la kilo 2000 lingekuwa na kilo 2 katika skeli ya 1:10. Katika skeli ya 1:24 lingekuwa na gramu 145 tu. Tofauti hii huonekana kigari kinapoanguka. Kigari cha kilo 2 kikianguka kutoka kimo cha mita 1 hufika chini na nishati ya jouli 20 hivi. Cha kilo 0.4 hufika na jouli 4 tu.

Je, kigari kidogo hupinduka upesi zaidi? La. Pembe ya kupinduka hutegemea uwiano wa nusu ya upana kati ya magurudumu na kimo cha kitovu cha uzito. Kigari chenye upana wa sm 20 na kitovu kilicho sm 8 juu ya ardhi hupinduka mteremko wa ubavuni unapozidi nyuzi 51 hivi. Vipimo vyote viwili vikipunguzwa nusu, pembe haibadiliki.

Tatizo ni kwamba gari hupunguzwa, lakini jiwe halipungui. Gurudumu gumu linalosukumwa kwa mlalo peke yake haliwezi kupanda kizuizi chenye kimo kinacholingana na nusukipenyo chake. Mota na msuguano wa tairi laini husaidia sana, ila haviondoi tofauti ya ukubwa. Jiwe la sm 5 ni fupi kuliko nusukipenyo cha tairi la 1:10, ambacho ni sm 6. Kwa kigari cha 1:24, jiwe hilo hilo ni ukuta wenye kimo cha tairi zima.

Kwa hiyo, kipimo cha kwanza kichukuliwe uwanjani, wala si dukani. Wanafunzi wapime kwa rula kimo cha mawe 20 ya mahali kigari kitakapotumika, kisha watafute wastani. Wastani huo usizidi nusukipenyo cha tairi. Kwa kokoto na vitabu vilivyopangwa juu ya meza ya darasa, 1:24 inatosha, tena haihitaji nafasi kubwa. Kwa mawe ya bustanini yenye kimo cha sm 5 au 6, 1:10 ndiyo ifaayo. Jiwe likishajulikana, kuchagua kigari ni hesabu nyepesi.