Uhusiano Mwema: Jina na Kazi

Humu nchini Kenya, mtu anayeisemea kampuni au wizara mbele ya watu huitwa afisa wa uhusiano mwema. Huko Tanzania aghalabu huitwa afisa uhusiano tu. Tofauti ya kivumishi kimoja yaweza kuonekana ndogo, lakini yafaa kutazamwa, kwani "mwema" hulitaja lengo la kazi kana kwamba limekwisha kufikiwa.

Kazi yenyewe ni kuuwezesha umma kuifahamu asasi, na asasi kuufahamu umma. Afisa huandika taarifa za magazeti, hutayarisha hotuba za wakubwa, hujibu malalamiko na huhariri jarida la wafanyakazi. Hayo ndiyo yaonekanayo. Sehemu iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kusikiliza: kuchunguza watu wasemayo juu ya asasi, kisha kumweleza mkurugenzi hata yale asiyopenda kuyasikia. Afisa asiyethubutu kufanya hivyo ni tarishi tu, ijapokuwa amevaa tai.

Miongoni mwa waasisi wa taaluma hii ni Mmarekani Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1906, treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilipotumbukia majini huko Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50, Lee hakuificha ajali. Aliwaalika waandishi wafike na kuwapa taarifa. Mwaka 1914, watu wapatao 20, wakiwemo watoto 11, waliuawa katika kambi ya wachimba makaa waliogoma huko Ludlow, Colorado. Lee huyo huyo akaajiriwa na akina Rockefeller, wenye hisa nyingi katika kampuni ya migodi. Vijarida alivyovitoa vilikuwa na habari za uongo, zikiwemo tarakimu zilizokuza mno malipo ya viongozi wa mgomo. Alipohojiwa na tume ya serikali alikiri kwamba hakuzihakiki habari alizopewa na kampuni.

Kwa istilahi yetu, matendo yote mawili ni uhusiano mwema, na mwanafunzi hana neno la kuyatenganisha. Kwa hiyo napendekeza "uhusiano na umma". Neno "na" hudai pande mbili, na kivumishi huachiwa umma wenyewe. Ni kweli kwamba jina la sasa limekwisha kuzoeleka magazetini. Hata hivyo vitabu vya kiada tunaviandika sisi, na mabadiliko yaweza kuanzia humo.