Maneno Milioni 40 Chini ya Barua Pepe

Tuchukue mfano wa ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Bujumbura, yenye wafanyakazi 40. Kila mmoja akituma barua pepe 25 kwa siku, kwa siku 250 za kazi, zinatoka barua 250,000 kwa mwaka. Chini ya kila barua limebandikwa onyo la usiri, kwa Kifaransa kisha kwa Kiingereza: ujumbe huu ni wa mlengwa peke yake, ukikufikia kwa makosa ufute na umjulishe mtumaji. Tuseme lina maneno 160. Kwa mwaka mzima hayo ni maneno milioni 40.

Kwenye mtandao mzigo huo si kitu. Haufiki megabaiti 300. Msomaji wa maneno 200 kwa dakika angelimaliza onyo hilo kwa sekunde 48. Kama kila barua ingesomwa na mtu mmoja tu hadi mwisho, zingeteketea saa 3,333, yaani zaidi ya siku 400 za kazi. Haziteketei, kwa sababu hakuna anayesoma. Gharama huonekana pale mazungumzo ya barua 12 yanapochapwa ili yapelekwe mahakamani: maonyo peke yake yanakula karibu kurasa 5, na kila nakala ya jalada inazirudia.

Je, malipo yake kisheria ni yapi? Machache mno. Sheria ya mikataba ambayo Burundi ilirithi ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kifungu cha 33 kinasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya. Lakini kifungu cha 8 kinadai kwanza ridhaa ya anayefungwa nayo. Mtu aliyeletewa bei za mshindani wake kwa bahati mbaya hakuridhia lolote. Kimya chake si saini. Tena onyo limewekwa chini, atakapolifikia ameshasoma kila kitu.

New York waliliona hilo mwaka 2007, katika kesi ya Scott dhidi ya Beth Israel Medical Center. Daktari aliyekuwa akidai dola milioni 14 alikuwa amemwandikia wakili wake kupitia mfumo wa barua pepe wa hospitali, ambayo kanuni zake zilikataza matumizi binafsi. Onyo lililobandikwa kwenye barua halikuilinda siri yake.

Hata hivyo halina thamani sifuri. Barua ikivuka kwenda Dar es Salaam au Nairobi, inaingia penye mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambako mahakama huuliza kama mpokeaji alijua au alipaswa kujua kwamba habari ile ni ya siri. Hapo onyo ni ushahidi mdogo wa kumjulisha. Lakini ofisi inayolibandika hata kwenye mwaliko wa harusi imelipunguzia uzito yenyewe: kila kitu kikiitwa siri, hakimu atajuaje ipi ilikuwa siri kweli?

Wala halifuti kosa la mtumaji. Kampuni iliyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 ikivujisha taarifa za wateja kwa namna inayoweza kuwadhuru, ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, na faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, yoyote iliyo ndogo. Aya ya chini haipunguzi hata senti.

Vinavyofunga ni vingine: kifungu cha usiri ndani ya mkataba wa ajira, hati iliyosainiwa na mshirika kabla ya bei kutumwa, na siri ya kazi ya wakili au daktari ambayo sheria inailinda bila kuombwa. Gmail nayo inakupa hadi sekunde 30 za kuirudisha barua iliyokosewa. Kwa hiyo mkurugenzi, lifute onyo la jumla. Andika neno “Siri” juu kabisa, kwenye barua chache zinazostahili, na faili lifungwe kwa nenosiri linalotumwa kwa njia nyingine.