Katika filamu mwanahabari ndiye shujaa, mahakamani nguzo ni shahidi

KATIKA mabanda ya video ya mtaa kama Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, kuna kanuni moja ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaifahamu: ‘steringi’ hafi. Risasi zitamiminika na magari yatalipuka, lakini mhusika mkuu atainuka, ajipanguse vumbi na kuwaadhibu wabaya wake kabla ya filamu kwisha. Tafsiri za Kiswahili za DJ Afro zimeieneza kanuni hiyo kote nchini.

Lakini zipo filamu ambamo ‘steringi’ hana bunduki wala ngumi. Silaha zake ni kalamu, daftari na simu ya mezani. Hizi ni filamu zinazosimulia jinsi wanahabari wapekuzi walivyofichua maovu yaliyotendwa na kufichwa na taasisi kubwa, iwe ni kanisa, kampuni, hospitali au serikali yenyewe.

Je, filamu hizo husema kweli kuhusu kazi hiyo? Jibu ni kwamba husema nusu ya ukweli. Huonyesha vyema jinsi siri inavyochimbuliwa. Hata hivyo, aghalabu hukomea pale ambapo safari ngumu zaidi huanza, na humpa mwanahabari sifa ambazo kwa haki angegawana na mtu mwingine: aliyedhulumiwa kisha akakubali kusema. Visa viwili vilivyotokea katika Bonde la Ufa, kimoja Gilgil na kingine Kericho, vinathibitisha jambo hilo.

Kazi ya makabrasha

Filamu iliyoweka msingi wa aina hii ni ‘All the President’s Men’ ya mwaka wa 1976. Inasimulia jinsi Bob Woodward na Carl Bernstein wa gazeti la Washington Post walivyofuatilia wizi uliofanywa katika jumba la Watergate mwaka wa 1972, hadi nyayo zikafika Ikulu ya Marekani. Rais Richard Nixon alijiuzulu Agosti 1974. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ni watu wawili wakipiga simu, wakibisha milango usiku na kufungiwa nje.

Filamu ya ‘Spotlight’ ya mwaka wa 2015, iliyoongozwa na Tom McCarthy na kutuzwa Oscar ya filamu bora Februari 2016, ilifuata mkondo huo huo. Inahusu kikundi cha wanahabari wa gazeti la Boston Globe ambao Januari 2002 walianza kuchapisha habari za jinsi Kanisa Katoliki jijini Boston lilivyowaficha mapadri walionajisi watoto. Gazeti hilo lilipata tuzo ya Pulitzer mwaka wa 2003 kutokana na kazi hiyo.

Katika filamu hiyo hakuna anayefukuzana na mtu kwa gari. Wanahabari wanapekua vitabu vya kila mwaka vya kanisa vinavyoorodhesha mapadri na parokia zao. Wanagundua kwamba padri anayelalamikiwa huandikwa kuwa yuko kwenye likizo ya ugonjwa, kisha huhamishiwa parokia nyingine. Majina yanahesabiwa moja baada ya jingine, mwaka baada ya mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo ndipo filamu hiyo inapomfunza mtazamaji jambo muhimu. Dhuluma ya taasisi ni tofauti na uovu wa mtu mmoja. Mtu mmoja hutenda, lakini taasisi humhamisha, huwalipa waliodhulumiwa fedha kimyakimya, hufunga faili na kuwaambia wanaouliza kwamba wanaliaibisha jina jema la kanisa, shule au kampuni. Mwanahabari anayemwandama mkosaji mmoja pekee atakuwa amekata tawi na kuuacha mti umesimama.

‘Spotlight’ ina sifa nyingine ambayo filamu nyingi hazina. Inakiri kwamba gazeti lenyewe lilikuwa limepewa majina ya mapadri kadhaa miaka mingi kabla, likachapisha habari fupi na kusahau. Wanahabari pia ni sehemu ya mji unaonyamaza.

Waliofungwa midomo

Filamu ya ‘She Said’ ya mwaka wa 2022 inasogea karibu zaidi na waliodhulumiwa. Jodi Kantor na Megan Twohey wa gazeti la New York Times wanachunguza madai kwamba mtayarishaji mashuhuri wa filamu, Harvey Weinstein, aliwadhulumu wanawake kingono kwa miaka mingi. Habari yao ilichapishwa Oktoba 2017.

Kikwazo chao hakikuwa ukosefu wa watu wanaojua, kwani wengi walijua. Lakini baadhi ya wanawake hao walikuwa wametia saini mikataba ya kunyamaza baada ya kulipwa, na kusema kungewaletea kesi. Filamu inatumia muda mrefu kuonyesha wanahabari wakisubiri mtu mmoja akubali jina lake litajwe. Akishakubali wa kwanza, mlango hufunguka kwa wengine.

Kisa cha Gilgil

Kwa mkazi wa Nakuru, mambo haya si ya Boston wala New York pekee. Gilgil, mji ulio katika kaunti hiyo hiyo kando ya barabara kuu ya Nairobi, una kisa chake.

Mwingereza Simon Harris aliendesha shirika la hisani lililowaleta vijana wa kujitolea kutoka Uingereza kufundisha katika shule za Kenya. Kwa macho ya wengi alikuwa mfadhili. Lakini watoto wa kurandaranda mitaani walikuwa na habari nyingine: aliwavutia kwake kwa chakula na pesa, kisha akawadhulumu kingono.

Madai hayo yaliwafikia polisi wa Uingereza baada ya watengenezaji wa filamu wa kituo cha televisheni cha Channel 4, waliokuwa Gilgil wakiandaa kipindi kuhusu watoto hao, kuyasikia. Harris alishtakiwa nchini mwake chini ya sheria inayoruhusu Mwingereza kuhukumiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto aliyoyatenda ng’ambo. Alipatikana na hatia Desemba 2014 katika mahakama ya Birmingham, na Februari 2015 akafungwa zaidi ya miaka 17.

Kamera ndiyo iliyoisukuma habari hiyo hadi kwa polisi. Lakini kamera haikumtia Harris hatiani. Waliomtia hatiani ni vijana waliokuwa wakilala kwenye vibaraza vya maduka, ambao walisimulia mbele ya mahakama ya kigeni, kwa njia ya video kutoka Kenya, mambo ambayo watu wazima wengi hawawezi kumwambia hata rafiki.

Mashamba ya Kericho

Kisa cha pili kiko magharibi mwa Nakuru, kwenye mashamba ya majani chai ya Kericho. Februari 2023, shirika la BBC lilionyesha filamu ya matukio halisi kuhusu wanawake waliodai kwamba wasimamizi waliwalazimisha kufanya ngono ili wapate au wasipoteze kazi. Zaidi ya wanawake 70 walieleza kudhulumiwa katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay.

Mwanahabari mmoja alijifanya mtafuta kazi akiwa na kamera ya siri, naye pia akaandamwa na waliopaswa kumwajiri. Baada ya filamu hiyo, wahusika kadhaa walisimamishwa kazi na Bunge la Taifa likaagiza uchunguzi.

Mtazamaji anaweza kudhani ushujaa wote ulikuwa wa mwenye kamera. Ni kweli kwamba alijihatarisha. Lakini yeye alikuwa na mahali pa kurudi. Wanawake waliozungumza walibaki katika vijiji vile vile, wakitegemea ajira ile ile, miongoni mwa jamaa na majirani wanaowafahamu.

‘Steringi’ anapokufa

Kanuni ya banda la video haifuatwi pia upande wa wanahabari. Januari 2009, Francis Nyaruri, mwandishi wa Weekly Citizen aliyekuwa ameandika kuhusu madai ya ufisadi wa maafisa wa polisi katika ujenzi wa nyumba za polisi, alitoweka. Mwili wake ulipatikana msituni wiki mbili baadaye. Mjini Eldoret, mhariri wa gazeti la Mirror Weekly, John Kituyi, aliuawa Aprili 2015. Hawa hawakuwa na jumba refu la habari wala kikosi cha mawakili nyuma yao kama wenzao wa filamu.

Hata wenye majina makubwa hutishwa. Mwaka wa 2013, John-Allan Namu na Mohammed Ali wa KTN walipoonyesha picha za wanajeshi wakibeba bidhaa dukani wakati wa shambulio la Westgate, Inspekta Jenerali wa Polisi wa wakati huo, David Kimaiyo, alitangaza kwamba wangechukuliwa hatua. Na mnamo Mei 2025, watengenezaji filamu wanne walikamatwa jijini Nairobi kuhusiana na ‘Blood Parliament’, filamu ya BBC iliyochunguza mauaji ya waandamanaji nje ya Bunge mnamo Juni 25, 2024. BBC ilisema wanne hao hawakuhusika katika kuitengeneza.

Baada ya taa kuwashwa

‘Spotlight’ inakamilika kwa simu zikilia mfululizo ofisini. Waliodhulumiwa, mmoja baada ya mwingine, wanapiga kusema, “Nami pia.” Ni mwisho mzuri. Lakini kwa kila anayepiga simu hiyo, huo ni mwanzo: wa kuhojiwa, kutajwa, kushukiwa na kusubiri kesi.

Kenya ina sheria zinazogusa hatua hiyo. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari katika Kifungu cha 34 na haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35, na sheria ya kutekeleza haki hiyo ya pili ilipitishwa mwaka wa 2016. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inairuhusu mahakama kumkinga shahidi aliye hatarini, ikiwemo kuzuia jina lake lisichapishwe. Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ni ya mwaka huo huo. Hata hivyo, sheria kwenye karatasi haimsindikizi mtu nyumbani usiku.

Kwa hivyo, anayetazama filamu ya namna hii, iwe kwenye simu yake au katika banda lililo kando ya barabara Rhonda, ana maswali machache ya kujiuliza. Ni nani aliyesema kwanza, kabla ya mwanahabari kufika? Alipoteza nini kwa kusema? Ni nani katika taasisi ile aliyejua na akanyamaza? Na baada ya habari kuchapishwa, ni nani aliyebaki na shahidi?

Filamu ikiyajibu maswali hayo, imeieleza kazi ya upekuzi kikamilifu. Isipoyajibu, bado inaweza kuwa burudani nzuri. Lakini kijana wa mtaani au mchuma majani chai aliyeibeba kesi hadi mwisho atakuwa amepita kwenye kioo kwa dakika mbili, ilhali yeye ndiye aliyekuwa ‘steringi’.