WiFi ya wageni na kompyuta ya keshia zisikae chumba kimoja: VLAN kwa mwenye biashara

Siku ya mbio za nyika za Great Chepsaita, senta ya Chepsaita, upande wa Turbo hapa Uasin Gishu, hujaa watu. Wakimbiaji, makocha, mashabiki waliotoka Eldoret mjini, wote wanataka chai, chapati na mahali pa kuchaji simu. Na mgeni akishaketi, swali linalofuata unalijua: "WiFi iko? Paswadi ni gani?"

Mwenye hoteli anapeana, na si vibaya. Mgeni akiridhika atarudi. Lakini mara nyingi hiyo paswadi moja ndiyo inayounganisha kompyuta ya keshia, mashine ya kadi, printa ya risiti, tableti ya weita na mashine inayorekodi kamera za CCTV. Yaani mgeni usiyemjua hata jina ameingia mtandao mmoja na vitu vyako vyote vya pesa.

Dawa ya jambo hili ni ya zamani na si ya bei ya kutisha. Inaitwa VLAN, mtandao wa ndani uliogawanywa kwa mpangilio wa swichi badala ya kuvuta waya mpya. Hapa tunakueleza inavyofanya kazi, ili fundi akija ujue unachomlipia.

Hatari iko wapi hasa?

Kwanza tuondoe hofu moja. Mteja anapolipa kwa simu yake kwenda namba yako ya till kwa kutumia menyu ya laini yake, malipo yanapita kwenye mtandao wa kampuni ya simu. WiFi yako haihusiki kabisa. Hata akitumia programu ya simu kupitia WiFi yako, mawasiliano yake yamefichwa kwa msimbo kati ya simu na seva. Kwa hivyo mtu wa meza ya pembeni hadaki pesa hewani.

Shida iko kwa mashine zako wewe. Kompyuta ya keshia ina rekodi za mauzo, ina majina na namba za wateja wanaochukua kwa mkopo, na mara nyingi imeachwa wazi kwenye ukurasa wa akaunti yako ya biashara. Mashine ya CCTV inaweza kuwa bado inatumia paswadi iliyotoka nayo kiwandani. Ruta nayo vivyo hivyo. Mtu akiingia kwenye ruta anaweza kubadilisha mahali inapouliza anwani za tovuti, ndipo keshia akiandika anwani ya akaunti yenu apelekwe kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa kweli. Kivinjari kitatoa onyo, ni kweli. Lakini keshia mwenye foleni ya watu kumi anabonyeza tu "endelea".

Usifikiri ni mambo ya maduka madogo pekee. Mwishoni mwa 2013, kati ya 27 Novemba na 15 Desemba, wezi waliiba data za kadi zipatazo milioni 40 kutoka maduka ya Target huko Marekani. Hawakuanzia kwenye mashine za kulipia. Waliingia kwa kutumia nywila za kontrakta aliyekuwa akiwahudumia mambo ya mitambo ya baridi na hewa, kisha wakasogea hadi kufika mashine za keshia. Mlango wa fundi wa friji na droo ya pesa havikuwa vimetenganishwa vya kutosha.

Na kwa Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukishaandika jina na namba ya simu ya mteja kwenye kompyuta yako, kuilinda ni wajibu wako.

Swichi inafanya nini, na VLAN inabadilisha nini?

Swichi ya mtandao ni kile kisanduku chenye matundu ya waya, matano, manane ama zaidi. Kila tundu ni porti. Swichi ya kawaida ni kama ukumbi mmoja usio na kuta. Kompyuta ikitaka kuzungumza na printa, kwanza inapaza sauti: "Nani ana anwani hii?" Sauti hiyo swichi inaipeleka kwa porti zote, na kila aliyemo ukumbini anaisikia. Mwenye nia mbaya anaweza kuitikia kwa uongo, "ni mimi", na mazungumzo yakaanza kupitia kwake.

VLAN inajenga kuta ndani ya ukumbi huo. Unaiambia swichi: porti hizi ni za malipo, hizi za wageni, hizi za kamera. Sauti ya chumba kimoja haisikiki chumba kingine, ingawa kisanduku ni kimoja na umeme ni mmoja.

Sasa, kuna waya mmoja unaotoka swichi kwenda ruta, na vyumba vyote vinautumia. Ruta itajuaje pakiti hii ni ya mgeni na ile ni ya keshia? Swichi huibandika kila pakiti lebo yenye namba ya VLAN kabla ya kuituma. Kiwango cha lebo hiyo kinaitwa 802.1Q, kilitolewa mwaka 1998 na shirika la wahandisi la IEEE. Lebo ni ya baiti 4, na ndani yake mna nafasi ya namba kuanzia 1 hadi 4094. Wewe unahitaji tatu tu. Kwa kuwa kiwango ni kimoja, swichi ya kampuni moja huelewana na ruta ya kampuni nyingine, kwa hivyo usikubali kuambiwa lazima ununue kila kitu cha aina moja.

Tahadhari dukani: swichi za bei ya chini kabisa hazina uwezo huu. Zimewekwa plagi, zinafanya kazi, basi. Uliza swichi inayoweza kupangwa kwa kompyuta, na kwenye boksi itafute hiyo namba 802.1Q.

Tupange hoteli moja

Tuseme una swichi ya porti nane. Porti ya 1 inaenda ruta, ya 2 kompyuta ya keshia, ya 3 printa ya risiti, ya 4 mashine ya CCTV, ya 5 kifaa cha WiFi. Ya 8 iache kwa ajili ya fundi.

Chagua namba zinazokumbukika. VLAN 10 iwe ya malipo, 20 ya wageni, 30 ya kamera. Anwani nazo zifuate hivyo hivyo: vifaa vya malipo 192.168.10, wageni 192.168.20, kamera 192.168.30. Hakuna sheria inayokulazimisha, lakini siku ya shida, anwani pekee itakwambia kifaa kiko chumba gani.

Kwenye ukurasa wa swichi utakutana na maneno mawili: "Untagged" na "Tagged". La kwanza maana yake bila lebo, la pili maana yake yenye lebo. Kompyuta, printa na mashine ya kamera za kawaida hazijui habari za lebo, kwa hivyo porti zake zinakuwa bila lebo: porti 2 na 3 ndani ya VLAN 10, porti 4 ndani ya VLAN 30. Porti 1 ya ruta inabeba zote tatu zikiwa na lebo. Porti 5 ya kifaa cha WiFi inabeba 10 na 20 zikiwa na lebo, halafu kwenye kifaa chenyewe unatengeneza majina mawili ya WiFi: la wageni linaingia 20, na la tableti za weita linaingia 10. Hilo la pili lipewe paswadi yake, na isiandikwe ukutani.

Hapa kuna kitu ambacho swichi nyingi za bei nafuu zinakiweka ukurasa tofauti, na mtu anakiruka. Kinaandikwa PVID. Ule mpangilio wa kwanza unasema pakiti zinazotoka porti hiyo ziwe vipi. PVID inasema pakiti inayoingia bila lebo ihesabiwe ya VLAN gani. Porti 2 ukiiweka VLAN 10 lakini PVID ikabaki 1, kompyuta ya keshia inaongea chumba kimoja na kujibiwa kingine. Matokeo yake hakuna intaneti, na fundi anaanza kulaumu waya. Kwa hivyo porti 2 na 3 PVID iwe 10, porti 4 iwe 30. Kisha zitoe porti hizo kwenye VLAN 1, ambayo ndiyo swichi huja nayo kiwandani ikiwa imeunganisha kila kitu.

Mpangilio huo ufanyike ukiwa umechomeka laptopu kwenye porti 8, ambayo haiguswi. Ukibadilisha porti unayoitumia mwenyewe, utajifungia nje.

Na ukimaliza, hifadhi. Kwenye swichi nyingi mabadiliko yanafanya kazi papo hapo lakini hayajaandikwa mahali pa kudumu hadi ubonyeze "Save". Stima ikipotea usiku, na sote tunajua stima hupotea, asubuhi swichi inaamka imesahau kila kitu. Baya zaidi, ikisahau inarudi ukumbi mmoja usio na kuta, na huenda kila kitu kikaonekana kinafanya kazi vizuri. Huenda usijue.

Ruta inaweza kubomoa kuta ulizojenga

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hii.

Swichi imetenganisha vyumba. Lakini kazi ya ruta ni kuunganisha mitandao tofauti, ndiyo maana ikaitwa ruta. Ukiipa VLAN tatu bila maelezo mengine, ruta nyingi zitafanya ile kazi yao: mgeni wa 192.168.20 akiomba kufika 192.168.10, ruta inampeleka kwa heshima zote. Kuta zipo, milango iko wazi. Tunaona hili kuwa kosa la hatari kuliko kutokuwa na VLAN, kwa sababu mwenye duka amelipa na analala usingizi akijua yuko salama.

Kwa hivyo kwenye ngome ya ruta lazima ziwekwe kanuni: VLAN 20 iende intaneti peke yake, isifike 10 wala 30 wala ukurasa wa kuendesha ruta. VLAN 30 isifike 10. Keshia akitakiwa kuangalia kamera, ruhusu njia hiyo moja kutoka 10 kwenda 30. Ukiwa hapo, weka pia kiwango cha juu cha kasi kwa wageni. VLAN yenyewe haiongezi kasi ya intaneti, lakini kikomo hicho kitazuia vijana wanaotazama mpira kumaliza laini yote wakati mashine ya kadi inasubiri jibu.

Jaribio ni rahisi na ulifanye mwenyewe, fundi akiwa bado yupo na kabla hujamtumia pesa yake. Chukua simu yako, ingia WiFi ya wageni. Kwenye kivinjari andika anwani ya mashine ya CCTV, halafu ya ruta, halafu ya printa. Ukurasa wowote ukifunguka, kazi haijaisha. Kisha zima swichi, iwashe tena, urudie jaribio. Hapo utajua pia kama alihifadhi.

Siku mbili tatu za kwanza kuna kitu kitagoma. Mara nyingi ni printa ya jikoni ambayo tableti ya weita haiioni tena, kwa sababu moja imeangukia chumba kisicho chake. Usikubali suluhisho la "tufungue tu zote". Printa ihamishwe VLAN 10, basi.

Je, kila mtu anahitaji hii?

Hapana. Kama una kibanda, simu moja na namba ya till iliyobandikwa ukutani, VLAN haikuhusu. Pesa hiyo ongeza stoki. Kama una ruta moja ndogo uliyopewa na kampuni ya intaneti na huna swichi, angalia kama ina sehemu ya WiFi ya wageni. Nyingi zinayo, na inawatenga wageni bila hesabu hizi zote. Lifanye tu lile jaribio la simu, kwa maana si zote zinatenga sawasawa.

Lakini ukiwa na mashine ya kadi, keshia zaidi ya mmoja, kamera na wageni kwenye WiFi, tunakushauri usingoje. Kwa wanaopokea kadi kuna jambo la ziada: masharti ya usalama wa kadi ya PCI DSS hayakulazimishi kugawanya mtandao, ila usipougawanya, mtandao wote unahesabiwa sehemu ya kukaguliwa, hadi kamera ya mlangoni.

VLAN pia haizuii mtu kumpigia keshia wako akijifanya ni sisi na kuomba nywila. Hatutakupigia kuuliza PIN wala nywila ya akaunti. Vilevile haizuii SMS bandia ya malipo. Malipo yathibitishe kwenye akaunti yako, si kwenye simu ya mteja.

Fundi akiondoka, badilisha paswadi ya swichi na ya ruta. Chora kwenye karatasi kila porti na namba yake ya VLAN, piga picha, halafu karatasi uifungie ndani ya kabati la swichi. Usiibandike juu yake, pale mgeni anapochajia simu.