Mzigo wa mama kutoka Rubavu

Na Mwandishi Wetu

MAMA yangu alitoka Rwanda mwaka 1959 akiwa binti wa miaka 13. Sisi wanawe tulirudi, yeye alibaki Ngara, Tanzania, alikoolewa na kuzeeka. Safari hii alinituma jambo moja: “Mwanangu, pita kwetu karibu na Gishwati, uniletee kitu cha huko.”

Kutoka Kigali hadi Rubavu, mji ambao wengi bado tunauita Gisenyi, ni kilomita zipatazo 150 za milima na kona. Nilishuka kwanza Musanze, chini ya volkano. Udongo mweusi wa huko ndio unaozaa viazi vya Kinigi vyenye ganda jekundu. Ukivipika havipondeki ovyo. Kwa mfanyabiashara, ushauri ni mmoja: gunia lifunguliwe na lipimwe mbele ya macho yako, kwani vikubwa hupangwa juu na vidogo hujificha chini.

Jibini na vikapu

Ng’ombe wa malisho ya Gishwati ndio wanaotoa maziwa ya jibini inayouzwa Musanze na Rubavu. Ni duara zito, la manjano. Chagua lenye gamba gumu, lisilo na ufa. Hilo huvumilia safari hata bila barafu. Ile laini ile siku hiyo hiyo.

Agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, nilikinunua kwa mama mmoja aliyekuwa akisuka huku akiuza. Aliniambia, “Kaka, usitazame rangi. Funika, kisha kitikise.” Kifuniko kikicheza, usinunue.

Samaki aliyehamia

Jioni nilifika ufukweni mwa Ziwa Kivu. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakaingia ziwani usiku na taa kuvua sambaza. Asubuhi samaki hao wadogo huanikwa juani. Mchuuzi aliniharakisha, nami nilikuwa nawahi basi, nikanunua kilo tatu ambazo bado zilikuwa na unyevu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kulipokucha nipo njiani kwenda Rusumo, basi zima lilijua nimebeba nini. Nilipovuka mpaka na kufika Ngara, nusu ya mzigo ilikuwa ya kutupa.

Kosa jingine nililifanya wakati wa kuingia Rwanda safari iliyotangulia: mchele wangu ulikuwa kwenye mifuko ya rambo. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Mifuko ikachukuliwa, nikabaki na mchele kwenye kanga ya abiria mwenzangu. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa, utakuokoa pande zote.

Mama alikishika kikapu muda mrefu, akakifunika na kukifunua. Jibini aliionja kidogo akairudisha. Sambaza waliosalia aliwatazama kwa mashaka. “Hawa si wa kwetu,” alisema. “Ziwa letu halikuwa na dagaa.”

Nilidhani uzee unamsahaulisha, kumbe alikuwa sahihi. Samaki hao ni jamaa ya dagaa wa Kigoma. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mama aliondoka kabla hawajazaana. Leo ndio kitoweo na biashara ya maelfu ya watu wa pande zote mbili za ziwa.

Nilipomweleza alicheka, akaagiza kitunguu na nyanya, tukawala na ugali. Usiku akaniuliza kama nilifika hasa pale kilimani kwao. Sikufika, nilikuwa nawahi basi.

Basi, ndugu msomaji, ukienda huko kwa biashara au kwa wazee, tenga siku mbili zaidi. Sambaza wakauke vizuri, na waliokutuma upate la kuwaambia. Mimi narudi kiangazi kijacho, na safari hii nitaanzia kilimani.