Kufuga Samaki Mwenye Miiba ya Sumu Nyumbani: Inafaa?

Ndugu yetu mvuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, ametuuliza: dema lake limemnasa samaki mwenye mistari myekundu na myeupe, mapezi marefu kama manyoya ya jogoo na miiba mgongoni. Yuko mtu mjini anayetaka kumnunua amfuge katika tangi la kioo la maji ya bahari, na yeye mwenyewe ametamani kubaki na mmoja sebuleni. Je, kisheria inafaa? Na watoto watasalimika?

AlhamduliLLaah. Huyu ni yule ambaye wafugaji humwita samaki-simba. Asili ya kumfuga ni ruhusa. Allaah Ametuhalalishia mawindo ya baharini (Al-Maaidah 5:96). Na katika Hadiyth ya Anas, iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, mtoto Abu 'Umayr alikuwa na kindege anachocheza nacho, na Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akimtania kwa kumuuliza habari zake, wala hakumkemea. Wanazuoni wamepata hapo ruhusa ya kuweka ndege tunduni, na samaki wa tangini tunamkisia juu yake.

Lakini sote tunamjua yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Tangi ni kifungo cha namna hiyo hiyo. Baharini mawimbi huingiza hewa majini. Ndani ya nyumba kazi hiyo hufanywa na pampu, na pampu inataka umeme. Umeme ukikatika usiku kucha, samaki hukosa pumzi. Uchafu wake usipochujwa hugeuka amonia ikamuunguza. Naye hukua kufika sentimita 30 na kuzidi, hivyo beseni halimtoshi. Anahitaji tangi la lita 400 hivi, chumvi isiyopanda wala kushuka, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Asiyeweza hayo, haimfai kumfunga.

Chakula chake ni samaki wadogo na kamba, na kila kinachoingia kinywani mwake hukimeza, wakiwemo wenzake wa tangini. Huzoezwa kula vipande vya samaki waliokwisha kufa, na hilo ndilo bora. Kumtupia samaki hai huku majirani wameitwa kutazama hatulipendi kabisa, kwani tumekatazwa kukifanya kiumbe hai shabaha ya mchezo.

Tuje kwenye sumu. Watu wa Panza wana msiba wao katika mlango huu. Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Allaah Awarehemu. Tangu hapo kila chenye sumu baharini kinaogopwa kwa namna moja, na hapo pana kosa. Sumu ya kasa imo katika nyama yenyewe na kupika hakuiondoi. Ya samaki huyu imo katika miiba: 13 mgongoni, miwili tumboni na mitatu nyuma karibu na mkia. Nyama yake huliwa miiba ikishaondolewa. Ila akifa miiba hubaki na sumu, basi asitupwe jaani wanapopita watoto pekupeku.

Aliyechomwa aondolewe vipande vya mwiba vinavyoonekana, kisha atie kiungo katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kwa kuwa joto huiharibu sumu hii. Maji yajaribiwe kwanza na mtu mwingine, maana aliyeumia hahisi sawasawa na anaweza kuungua. Akibanwa pumzi, akivimba uso au akizimia, apelekwe hospitali mara moja. Na kutoka Panza kufika hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, lazima kuvuka maji kwa chombo.

Kwa hiyo, ndugu yetu, nyumba yenye mtoto anayetambaa na umeme usioaminika, tunakushauri usimweke. Kumuuza inajuzu, baada ya kuuliza ofisi ya uvuvi kuhusu kibali, na kwa sharti umweleze mnunuzi habari ya miiba. Kuificha ni ghushi. Mwambie pia asije akamtupa katika bahari ya ugenini akimchoka. Kwetu ni wa hapa hapa, bahari imemzoea. Lakini huko Marekani alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, na inadhaniwa walimwachia wafugaji. Leo ameenea Karibi nzima akila watoto wa samaki wa miambani, na wavuvi wa huko wanalipa gharama ya matangi ya watu wengine. Kama bado yu hai demani na hujakata shauri, mrudishe pale pale ulipomtoa, kwa koleo au kwa wavu, si kwa mkono.

Wa-Allaahu A'lam.